Firigisi ya Watu Wanne

Lori la nyanya halina haraka. Tulianza kulipakia Ijumaa mchana pale Kimana, jua la Januari likichoma hata kwenye kivuli, na kila kreti iliyopanda ilisindikizwa na ubishi kama nyanya zake zimeiva vizuri au zimeiva kupita kiasi. Mimi nilikuwa karani wa ghala, kazi niliyoipata baada ya kuacha nyingine nyingi, na ndiye niliyetakiwa kuumaliza ubishi huo. Siku hiyo nilisema zote zimeiva vizuri. Nilitaka kwenda nyumbani.

Nasema nyumbani. Nilizaliwa Vihiga na godoro langu lilikuwa Kimana, lakini mtu akiniamsha ghafla na kuniuliza kwetu ni wapi, mdomo ungetaja Gatwekera, kule Kibera, kabla akili haijafika. Nilikaa huko nikiwa kijana. Kisha nikaenda kufanya kazi Naivasha, nikaacha, nikaenda Voi, nikaacha, nikaenda Garissa, na huko nikaachwa. Mimi ni mtu wa kuchoka na mahali. Nikifika mji mpya, wiki ya kwanza nausifu, mwezi wa pili naanza kuulinganisha na Kibera, na Kibera inashinda kila mara kwa sababu siishi ndani yake.

Dereva alikuwa mtu wa maneno machache na vituo vingi. Tulisimama Emali tukala, tukasimama Sultan Hamud tukanywa chai, kisha tukasimama mahali pasipo na kitu kwa sababu, alisema, lori limechoka. Kwenye mizani ya Mlolongo malori yalipanga foleni, nami nikapanga maneno. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kuwaambia marafiki zangu watatu: kwamba nimechoka kuzunguka, nataka kurudi kukaa nao. Niliijaribu kwa sauti ya utani, nikaijaribu kwa sauti ya huzuni, halafu kwa sauti ya mtu ambaye hajali atajibiwa nini. Dereva akaniuliza naongea na nani.

Kulipokucha tulikuwa soko la Kawangware. Nilishuka nikinuka shamba zima, begani nimebeba kreti moja ya nyanya kama zawadi. Ile kreti ndiyo iliyoniharibia kila kitu, ila wakati huo niliona nimefanya adabu.

Tulikuwa wanne zamani, wote watoto wa Magharibi, katika chumba kimoja cha udongo na mabati pale Gatwekera. Wawili walilala kitandani, wawili chini, tukibadilishana kila wiki. Mmoja alikuwa fundi wa kujenga, na ndiye aliyebaki katika chumba kile kile miaka yote, sasa akiwa na mke. Amepiga plasta nusu ya nyumba nzuri za Nairobi. Chumba chake mwenyewe kilikuwa kikivuja juu ya jiko. Wa pili alikuwa mcheza dansi aliyeogopwa Kisumu Ndogo nzima, mtaa wa jirani. Siku hizi ni mchungaji, na kanisa lake la mabati linatazamana na baa ile ile aliyochezea. Spika za kanisa na spika za baa zilipigana mwaka mzima, mpaka pande mbili zikakubaliana kwamba Jumamosi ni ya baa na Jumapili ni ya Bwana.

Wa tatu alioa binti wa mwenye ploti wa Kawangware, mmoja wa wale wenyeji ambao babu zao walilima viazi hapo kabla vyumba havijaota. Baba mkwe alipozeeka, rafiki yetu akawa msimamizi wa nyumba zote. Nitamwita Mwenyekiti, kwa kuwa alijiita hivyo mwenyewe na ameshazoea. Huyu ndiye aliyekuwa akifungua redio mpaka majirani wanapiga ukuta. Sasa langoni kwake pameandikwa kwa rangi nyekundu: hakuna redio, hakuna kumwaga maji, hakuna kusimama langoni. Wakati nikiyasoma hayo nilikuwa nimesimama langoni.

Kuna jambo moja la chumba kile ambalo lazima nilieleze. Krismasi tulikuwa tunanunua kuku mmoja. Kwetu firigisi haiendi kwa mtu yeyote tu. Ni ya mwenye boma, au ya mgeni ambaye mwenye boma anamheshimu, na ndoa zimeshatikiswa na firigisi iliyoingia sahani isiyo yake. Sasa, katika chumba cha vijana wanne wanaolipa sawa, mwenye boma ni nani? Mwaka wa kwanza tulibishana mpaka ugali ukapoa. Mmoja alidai umri, mwingine alidai kitanda ni chake, mwingine alidai kwamba ndiye aliyemkimbiza kuku alipotoroka hadi kwenye reli. Mwishowe Fundi akatoa wembe mpya kwenye karatasi yake, akaikata firigisi vipande vinne, akipima kwa jicho moja kama anavyopima ukuta. Kila kipande kilikuwa kidogo hivi kwamba ulikimeza bila kukitafuna. Ikawa sheria. Ukiuliza mwenye boma wa nyumba hii ni nani, jibu ni wembe.

Basi Jumamosi ile ya kwanza wote watatu walinisubiri kwa Mwenyekiti, wakanipokea vizuri, yaani vibaya. Mwenyekiti alinitazama kuanzia viatu hadi kofia.

"Niaje buda," akasema. "Hiyo sura imeiva kuliko hizo nyanya."

Mchungaji akasema nisiguswe mpaka nioshwe. Fundi akauliza kama huko porini bado nafukuzwa kazi au siku hizi nafukuzwa na ndovu. Nilijisikia kama mtu aliyerudishiwa kitambulisho chake. Mchana tulivuka hadi Gatwekera, tukakaa kwenye ubao ule ule nje ya mlango wa Fundi, miguu tumeivusha juu ya mtaro, tukasemana mpaka jua likaondoka ukutani. Mke wa Fundi alitupa ugali na omena kutoka sufuria moja, akaniambia nisogeze miguu yangu apite. Sikuitoa sentensi yangu. Mtu haombi kurudi mahali ambapo tayari yuko. Jumapili nikapanda lori lile lile kati ya kreti tupu, na njia nzima nikacheka peke yangu.

Safari ya pili nilibeba kreti mbili. Ya tatu, tatu. Joto lilikuwa limezidi, nyanya zilikuwa zikiiva usiku na mchana, na mwajiri wangu alifurahi kuona mtu anaziondoa ghalani. Majirani wa Gatwekera wakaanza kuijua Jumamosi yangu. Mke wa Mwenyekiti aliweka kitambaa kwenye kiti changu. Na Mwenyekiti, aliyekuwa akihudhuria mikutano ya wenye ploti na kuipenda kuliko chakula, akaona kwamba marafiki wanne hawawezi kuendelea kukutana hivi hivi kama ng'ombe. Wanahitaji kikao.

Sijui nani alitufundisha sisi watu wa Nairobi kwamba furaha haiwezi kuanza bila maombi ya kufungua. Mchungaji aliomba, akaanzia uumbaji, na alipofika kwa Musa nikahesabu kwamba bado tuna manabii wote. Kisha tukajitambulisha. Watu wanne ambao kila mmoja alijua mwenzake anakoroma kwa upande gani tulisimama mmoja mmoja, tukataja majina yetu, tulikotoka, na kwamba tunashukuru kuwa hapo. Mwenyekiti alisema itifaki imezingatiwa. Kulikuwa na ajenda: kufungua kikao, kununua fulana za kikundi, kununua viti na hema vya kukodisha kwenye harusi na matanga, Mengineyo, na kufunga. Mimi nilikuwa chini ya Mengineyo.

Nilikuwa huko kwa sababu ya Fundi. Kabla ya kikao nilimkuta akikwangua mwiko wake wa plasta mlangoni. Akanipa habari: amepata nyumba katika zile gorofa za serikali za Soweto East, yenye choo ndani, na mwanzo wa Machi anahama. Mke wake alikuwa ameshaanza kufunga vyombo, ingawa walikuwa bado wanavitumia, kwa hiyo chai ilinywewa kwa zamu na kikombe kimoja. Moyo wangu uliruka. Nilimwambia pale pale, bila sauti yoyote kati ya zile nilizozijaribu kwenye lori, kwamba nakitaka chumba. Kwamba nimechoka kuzunguka, nataka kurudi.

Alicheka kwa muda mrefu kidogo. Kisha akaupangusa mwiko.

"Leta kwa kikao," akasema.

Nikaleta. Jumamosi hiyo Mengineyo haikufikiwa, kwa kuwa rangi ya fulana ilichukua saa nzima. Mchungaji alitaka nyeupe, ya utakaso. Fundi alitaka kahawia, kwa ajili ya udongo. Mwenyekiti akapitisha njano. Fulana zilipokuja zilikuwa na saizi za miili yetu ya zamani, na tulikaa ndani yake bila kupumua sana. Jumamosi iliyofuata Mengineyo ilikaribia kabisa. Nilikuwa nimeshakohoa. Ndipo Mwenyekiti akamwomba Mchungaji atoe neno la shukrani kwa mwenzetu wa Kimana kwa ajili ya nyanya. Neno hilo lilikuwa refu na lilinigusa. Lilipoisha, wakati ulikuwa umeisha nalo, na Mchungaji akafunga kwa maombi.

Nilianza kuona mabadiliko mengine. Nikiwa nje nikifunga kamba za viatu, niliwasikia ndani wakimsema Mwenyekiti kuhusu tumbo lake, naye akimjibu Mchungaji kuhusu zile suruali alizochezea dansi, kelele na vicheko, maneno ambayo siwezi kuandika hapa. Niliingia mbio nisipitwe. Wakanyamaza, wakanisogezea kiti.

"Karibu sana," akasema Mchungaji. "Safari ilikuwaje?"

Hakuna aliyeniambia tena kwamba nanuka. Nilijaribu kuwachokoza. Nilimwambia Mwenyekiti kwamba fulana ile inamkaa kama ngozi ya soseji, na zamani maneno kama hayo yangenirudia mara tatu. Akaniambia asante, na akauliza kama niongezewe chai.

Siku nyingine, baada ya kula, nilichukua sahani niende kuziosha kwenye karai, kama zamani. Mke wa Fundi akazitoa mikononi mwangu taratibu. Alikuwa mwanamke asiyependa maneno, na nilikuwa nikimwogopa kidogo, kama tunavyomwogopa mtu anayejua nyumba inaendeshwaje.

"Kaa chini, shemeji," akasema. "Wewe ni mgeni mzuri sana. Usiharibu."

Nilikaa. Nilijiambia kwamba anatania, ingawa sikuwahi kumsikia akitania.

Katikati ya Machi simu ya Mwenyekiti ikaniita ghalani. Akasema kikao cha Jumamosi kitakuwa Gatwekera, kwenye chumba chenyewe, kwa sababu Fundi ameshahama. Akasema kuna jambo linalonihusu mimi hasa, hataki kulisema kwenye simu, ila nivae vizuri. Nilikata simu, nikakaa juu ya gunia la mbolea. Kumbe walikuwa wamesikia. Kumbe Fundi aliwafikishia, nao, kama watu wenye vyeo, walikuwa wakinitengenezea sherehe ya kunikabidhi ufunguo.

Nilifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili zake angesubiri kwanza kabla ya kukifanya. Nilimwambia mwajiri wangu atafute karani mwingine. Akasema atasubiri hadi Jumatatu, maana ameajiri watu wa aina yangu hapo awali. Nikakunja godoro langu, nikalifunga kamba, nikaliweka juu ya kreti, na sufuria yangu nikaiweka juu ya godoro. Dereva hakuuliza kitu. Tulipofika sokoni Kawangware nilimwomba anitunzie godoro kwenye lori mpaka nitume mtu wa mkokoteni.

"Na usipotuma?" akauliza.

Nikacheka. Nilikuwa nimevaa koti.

Mlangoni mwa chumba chetu palikuwa na utepe mwekundu, umefungwa kwenye misumari miwili. Ubao wa kukalia ulikuwa umeondolewa. Majirani walikuwa wamekusanyika, wengine wakiwa na mabakuli, kwa sababu walijua Jumamosi ni ya nyanya. Marafiki zangu walisimama kwa mstari ndani ya fulana za njano. Mchungaji aliomba kuanzia uumbaji. Kisha Mwenyekiti akaeleza umati kwamba kikundi chetu, kwa neema ya Mungu, kimepata ofisi yake na ghala lake, na kwamba tumeonelea chumba hiki cha kihistoria kisipotee mikononi mwa wapangaji tu. Akasema anayefungua ofisi hii leo ni mgeni wetu wa heshima, ambaye ametoka mbali, na ambaye hajawahi kuja mikono mitupu.

Alinikabidhi wembe kwenye sahani. Ulikuwa mpya, bado umo ndani ya karatasi yake.

Nilikata utepe, nikautia wembe mfukoni pamoja na karatasi yake. Watu wakapiga makofi, mlango ukasukumwa, nikaona. Mahali pa kitanda palikuwa na viti vya plastiki, vimepangwa juu ya vingine hadi karibu na mabati. Mahali pale tulipolala chini palikuwa na hema, limekunjwa vizuri. Sufuria za matanga zilijaa pembeni ambapo jiko lilikuwa. Paa lilikuwa limezibwa. Kwa ajili ya viti, walikuwa wamelitengeneza paa.

Wakati watu wakiingia kutazama, Fundi alikuwa amesimama kando, nikamsogelea. Nilimwuliza kama alipeleka neno langu kwa kikao.

"Ni ukweli ulikuwa unataka?" akasema. Aliniangalia usoni kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Buda, nilidhani unatupiga story. Wewe una kazi, una hewa safi, kila Jumamosi unatuletea nyanya. Nani anatoka huko akuje kulala hapa? Sisi wenyewe tunatafuta venye tutatoka."

"Nilikuambia nimechoka kuzunguka."

"Si ndio unasemanga kila mahali unaenda."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa akieleza tu, kama anavyomweleza mwenye nyumba kwa nini ukuta umepinda. Nikaona jambo ambalo kila mtu pale alilijua isipokuwa mimi: mwenzako huja na njaa, na mtu anayekuja na kreti ni mgeni. Nilikuwa nimejigeuza mgeni mwenyewe, kreti kwa kreti, na wao kwa heshima yao wakanisaidia kuukamilisha ugeni huo.

Tukaketi kula, kwenye viti vipya. Cha kwangu kilikuwa na kitambaa. Kulikuwa na kuku, na mke wa Mwenyekiti alipopakua, akaniletea kwanza kisahani kidogo peke yake. Juu yake palikuwa na firigisi. Nzima.

Umati haukujua kitu, ulikuwa unakula. Sisi wanne ndio tuliojua. Niliona Mchungaji ametazama mikono yake. Wembe ulikuwa bado mfukoni mwa koti langu, nikautoa, nikauweka kando ya kisahani, nikausukuma mezani hadi mbele ya Fundi. Ilikuwa ndiyo sentensi yangu yote, na sasa haikuhitaji sauti.

Fundi aliuchukua wembe. Aliushika vizuri, kwa vidole viwili, kama zamani, na nikadhani naona jicho moja likianza kufumba. Kisha akamtazama Mwenyekiti, kuomba ruhusa.

"Mwache mgeni wetu ale," Mwenyekiti akasema, kwa upole. "Ni haki yake."

Fundi akaurudisha wembe kwenye karatasi.

Nikala firigisi. Miaka yote ile nilikuwa nikiimeza tu, sikujua kwamba inahitaji kutafunwa hivi. Ni ngumu, inateleza, haina ladha kubwa, na ilikosa chumvi. Nilitafuna kwa muda mrefu, watu wazima watatu wenye fulana za njano wakinisubiri nimalize ndipo waanze.

Kwa mara ya kwanza tangu tuanze vikao, tulifika Mengineyo wakati ungalipo. Mwenyekiti akauliza kama mgeni wa heshima ana neno. Nikasimama. Niliwashukuru kwa kunialika, nikakipongeza kikundi kwa viti, nikasema hema ni zuri sana. Walipiga makofi. Mchungaji alifunga kwa maombi mafupi, na huo ndio wema wa mwisho alionitendea.

Walinisindikiza. Mtu wa nyumbani huambiwa tu tutaonana, lakini mimi walinisindikiza wote watatu, kupitia Kisumu Ndogo, mbele ya wauza omena na mbele ya baa, ambayo ilikuwa inapiga muziki kwa haki yake ya Jumamosi. Niliona mguu wa Mchungaji ukipata shida kidogo kujizuia. Hadi barabarani. Hapo Fundi akanikabidhi kuku mzima aliyefungwa miguu, kwa kuwa mgeni wa heshima harudi mikono mitupu. Tulipeana mikono. Alinishikilia kidogo zaidi ya wengine.

"Usipotee, buda," akasema, nami nikamwambia sitapotea, na sijarudi hadi leo.

Kule sokoni dereva alikuwa amelala chini ya lori. Alimtazama kuku, akatazama nyuma yangu kama kuna mkokoteni unakuja, akainuka akapangusa suruali. Nilipanda nyuma kwenye kreti tupu, sikutaka kukaa mbele. Baada ya Mlolongo mawingu yalianza kujikusanya upande wa Athi, mvua za masika zikijitayarisha, na nikamwonea kuku huruma, nikamfungua miguu. Alisimama, akajikung'uta. Akapanda juu ya godoro langu, akazunguka mara mbili tatu kama mtu anayechagua upande wa kulala, kisha akakaa katikati kabisa, godoro zima lake peke yake.